Tununue Nyumba Mtaani, Tuishi na Watu

Ombi hili ni kwako wewe unayepanga chumba Malambo, Sima au Somanda: mwalimu, muuguzi, fundi cherehani, dereva wa bodaboda, karani wa AMCOS, mama unayeamka saa kumi alfajiri kukaanga vitumbua. Ni kwako pia uliyezaliwa Itilima au Meatu, ukaenda kutafuta maisha Mwanza au Dar es Salaam, na sasa unawaza pa kuweka akiba yako nyumbani. Ukifika wakati wa kununua kiwanja au nyumba hapa Bariadi, nunua katika mtaa wa kawaida wenye watu wa kila hali. Nunua kwa njia safi. Kisha hamia.

Neno hamia nalitia mkazo. Pembezoni mwa mji wetu viko viwanja vingi vyenye wenyewe visivyo na watu. Bikoni zimemezwa na nyasi, msingi umeotewa na miti, pagale limesimama kwenye lenta miaka nenda rudi bila bati, mchana mbuzi wanajipumzisha ndani na usiku hujui nani kalala humo. Mwenye mali yuko mbali, anangoja bei ipande. Aliyejenga peke yake katikati ya vichaka hivyo anahangaika kuvuta umeme kwa nguzo ambazo majirani wangemsaidia kuzidai. Binti yake anapita gizani akitoka masomo ya jioni, na usiku ukipigwa yowe wa kuitika wako mbali. Mji unaonekana umepimwa, umeuzwa, lakini bado haujakaliwa.

Na watu wanakuja. Mkoa wa Simiyu ulianzishwa Machi 2012, kwa kuzimega wilaya za Shinyanga na sehemu ya Magu iliyokuwa Mwanza, ambayo leo ni Busega. Sensa ya mwaka huo ilihesabu watu 1,584,157. Sensa ya 2022 ikahesabu 2,140,497. Ongezeko hilo la zaidi ya watu nusu milioni katika miaka 10 halikuja lote Bariadi, maana wengi ni watoto waliozaliwa vijijini kwetu, lakini makao makuu ya mkoa yana mvuto wake. Ofisi zilifunguliwa, hospitali ya rufaa ya mkoa ikajengwa, lami ikafika kutoka Lamadi, na kwa miaka mitatu mfululizo, 2018 hadi 2020, maonesho ya kitaifa ya Nane Nane yalifanyika hapa hapa Nyakabindi. Waliokuja kikazi kutoka Mara, Kagera, Kigoma na Kilimanjaro wengine hawakurudi. Leo ukikaa kwenye benchi la muuza kahawa jioni utamkuta Mnyantuzu mwenyeji, Mkurya wa duka la vipuri, Mha fundi seremala, Mtaturu aliyeleta ng'ombe mnadani, na kijana wa Kichaga mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Wanajuana kwa majina. Hiyo ni mali ambayo mji wetu unayo tayari, na inaweza kupotea kwa jinsi tutakavyonunua na kuuza ardhi miaka hii michache ijayo.

Tumeona ilivyopotea kwingine. Miji mikubwa ya nchi hii ilipangwa enzi za Mwingereza kwa rangi ya mtu: uzunguni viwanja vipana na miti, uhindini maduka na nyumba za ghorofa, uswahilini vyumba vya kubanana na kisima kimoja. Majina hayo bado yanatumika hata pale ambapo watu wamebadilika. Sheria ya ubaguzi ilikwisha, lakini fedha inaweza kuchora mistari ile ile. Ukitenga eneo la wenye magari upande huu na la wapangaji upande ule, baada ya miaka 20 utakuwa na shule mbili, zahanati mbili, barabara mbili za hadhi tofauti, na watoto wasiojuana. Bariadi bado ni changa. Haijachorwa namna hiyo, nasi tusiwe wa kwanza kuichora.

Nikisema mtaa wa mchanganyiko namaanisha kitu tunachokijua wote. Nyumba ina fremu mbili mbele, moja saluni na nyingine duka la unga na mafuta ya kupima. Ukiingia ndani kuna korido na vyumba vinne. Mwenye nyumba anakaa viwili, viwili amepangisha. Uani kuna jiko la kuni, kamba ya kuanikia, tenki la maji juu ya mnara wa matofali. Nyumba ya pili ni ya mwalimu mkuu mstaafu, ya tatu ni ya kijana wa bodaboda ambaye bado anaishi chumba kimoja alichokiezeka huku vingine vikisubiri. Mvulana wa mpangaji anafundishwa hesabu na mstaafu bila kulipa. Muuguzi anagongewa saa saba usiku mtoto akibanwa na homa. Mama wa saluni anakopesha unga mpaka mwisho wa mwezi kwa sababu anamjua anayekopa na anaijua nyumba yake. Msiba ukitokea, daftari la michango linapita kwa wenye elfu moja na kwa wenye laki, na sufuria zinatoka nyumba zote. Wazee wetu walikuwa na basumba, vijana wa kijiji waliolimiana mashamba kwa zamu chini ya kiongozi wao, nsumba ntale. Mjini hatulimiani, lakini kazi ya kusaidiana ipo, na inahitaji watu wanaoishi karibu wakiwa na uwezo tofauti. Mtaa wa watu wote wenye kipato kimoja, kiwe kikubwa au kidogo, unakosa nusu ya misaada hiyo.

Sasa niseme kuhusu upimaji, maana mchanganyiko bila mpango huzaa msongamano.

Mwaka 1974 serikali yetu, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilianza mradi wa viwanja na huduma. Maeneo kama Sinza na Kijitonyama jijini Dar es Salaam yalipimwa kwanza: barabara zikachorwa, viwanja vidogo vikagawiwa, wenye kipato cha chini wakajijengea polepole. Kwingine, kama Manzese, watu walikuwa wameshajenga, kwa hiyo mradi ukaingiza barabara na maji katikati ya nyumba zilizokuwapo. Mwaka 2021 wachumi, akiwamo Guy Michaels wa London School of Economics, walichapisha utafiti uliofuatilia maeneo ya aina hizo mbili katika miji saba ya Tanzania, miongo kadhaa baada ya mradi. Yale yaliyopimwa kabla ya kujengwa yalikuwa na nyumba kubwa zaidi, zenye mpangilio na ubora kuliko maeneo ya jirani. Yale yaliyorekebishwa baadaye hayakuonyesha tofauti hiyo. Mstari uliochorwa ardhini kabla ya tofali la kwanza ndio uliobadilisha mambo.

Lakini Sinza ina upande wa pili, na naomba tuutazame. Kwa kuwa ilipangwa vizuri, bei ilipanda, na wengi waliopewa viwanja mwanzoni waliviuza kwa wenye fedha. Mwalimu anayeanza kazi leo hanunui Sinza. Kupima peke yake hakutoshi. Tukipima vizuri bila kulinda nafasi ya wenye kipato kidogo, tutakuwa tumewaandalia wengine. Ndiyo maana naiomba Halmashauri ya Mji wa Bariadi, kila inapopima eneo jipya, ichanganye viwanja vidogo na vikubwa ndani ya mtaa mmoja, iruhusu malipo kwa awamu ndefu, na iwafuatilie kwa haki wanaonunua vitano sita na kuviacha vichaka. Masharti ya hati yanamtaka mmiliki aendeleze kiwanja. Yasimamiwe.

Wewe mnunuzi, kuna mambo ya kutazama kwa macho yako mwenyewe, na la kwanza ni udongo. Wasukuma wanaujua udongo wao kwa majina. Luseni ni mchanga wa miinukoni, unapitisha maji, nyumba inakaa. Itogolo ni mgumu, unatuamisha maji, na ndiko utakuta majaruba ya mpunga. Mbuga ni ule mweusi mzito: masika unavimba, kiangazi unapasuka nyufa za kuingiza mkono. Nyumba iliyojengwa juu ya mbuga kwa msingi mfupi huanza kulalamika mwaka wa pili. Ufa unatokea kwenye kona ya dirisha, unapanda kwa mshazari mpaka kwenye lenta, mlango unaanza kugoma kufunga, na fundi anaitwa kuupiga lipu, na masika yanayofuata unarudi pale pale. Kujenga mbuga kunawezekana, kwa kuchimba mpaka kwenye udongo imara au kuutoa ule mweusi na kujaza moramu, kisha mkanda wa zege wenye nondo, lakini gharama hiyo uijue kabla hujakubaliana bei. Kiwanja cha bei ya kutupa mara nyingi kinakuambia kitu kuhusu udongo wake. Kwa hiyo nenda ukakitazame mwezi wa mvua, umeinua suruali. Muulize mama mwenye shamba la jirani maji yanasimama wapi. Na ukiona mto, kumbuka Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka mita 60 ziachwe bila shughuli za kudumu, dalali hatakwambia.

La pili ni karatasi. Muhuri wa mwenyekiti wa mtaa si hati. Yeye anashuhudia kwamba nyinyi wawili mmeuziana mbele yake, basi. Hati miliki, inayotolewa kwa muda usiozidi miaka 99, hupatikana kwa ramani ya upimaji iliyoidhinishwa na usajili. Tangu 2020 kuna ofisi za ardhi katika mikoa, kwa hiyo mtu wa Bariadi hahitaji tena safari ndefu kufuata huduma hizo kanda. Omba upekuzi ufanyike kwenye daftari la msajili: jina la mmiliki ni nani, je kuna mkopo wa benki juu ya kiwanja, kuna zuio la mahakama? Uliza kama kodi ya pango la ardhi imelipwa. Mkataba uandikwe na wakili, na majirani wa pande zote nne waitwe waonyeshe mipaka, wakanyage bikoni kwa miguu yao. Malipo ya ofisi yoyote yawe kwa namba ya malipo ya serikali na risiti. Atakayekwambia tuyamalize hapa hapa, mshukuru, ondoka.

La tatu ni la ndani ya nyumba yako. Ndugu zangu wanaume wa Simiyu, andikeni majina mawili kwenye hati. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 inasema wazi kwamba mwanamke ana haki ya kupata na kumiliki ardhi sawa na mwanamume, na Sheria ya Ndoa ya 1971 inakataza mwanandoa mmoja kuuza au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Mke aliyepalilia pamba, akachuma, akaibeba kichwani mpaka kituo cha kununulia, fedha yake imo katika kila bati la nyumba hiyo. Baba akifariki na jina likawa moja, tunajua wanaofika kwenye matanga na wanachokuja kuuliza. Majina mawili yanamaliza mjadala kabla haujaanza. Na wewe mama uliyenunua kwa biashara yako mwenyewe, usione haya kuandika jina lako peke yako. Ukinunua kutoka kwa mwanamume mwenye mke, mwite mke asaini; asipotaka, huo ni ujumbe kwako pia.

Nigeukie upande wa muuzaji, maana mji wetu unakua juu ya mashamba ya watu. Mzee mwenye ekari sita kando ya barabara kuu ya Lamadi anafuatwa na madalali msimu wa njaa, Januari au Februari, akiba imekwisha na pamba bado iko shambani. Anauza ekari moja kwa bei ya kulisha familia miezi mitatu. Mwaka unaofuata anauza nyingine. Baada ya miaka michache watoto wake wanapanga vyumba kwenye mtaa uliokuwa shamba la babu yao. Baba, mayu, msiuze kwa ekari. Kaeni kama ukoo, mmwone mtaalamu wa halmashauri au kampuni ya upimaji iliyosajiliwa, mpimiwe viwanja. Utaratibu wa wenye shamba kugawana viwanja na mpimaji upo na unatumika. Mkataba wake tu uandikwe na usomwe kwa sauti mbele ya familia yote. Bakizeni viwanja vya watoto, wa kike na wa kiume. Mnunuzi naye, hata kama bei ya njaa inavutia, akumbuke kwamba mzee huyo ndiye atakuwa jirani yake wa kwanza.

Kwenye upimaji huo kuna jambo linalotugombanisha sana: barabara. Kila mtu anataka barabara ipite, ila ipite kwa mwenzake. Nimesikia ugomvi wa nusu mita ukimaliza miaka, watu wa nyumba mbili zinazotazamana hawasalimiani. Hebu tufikirie bomba. Mradi mkubwa wa maji ya Ziwa Victoria kwa mkoa wetu, ambao Mfuko wa Kijani wa Tabianchi uliuidhinishia fedha mwaka 2017, unaleta bomba kuu, lakini bomba la kwenda kwako litapita kwenye njia mliyoacha. Nguzo za umeme ni hivyo hivyo. Gari la wagonjwa ni hivyo hivyo. Mama mjamzito akibebwa kwenye machela ya kanga mita 300 hadi barabarani kwa sababu ya ukuta wa mtu mmoja, mtaa mzima unabeba lawama. Aliyejenga ukuta nje ya bikoni aubomoe mapema, mwenyewe, kwa heshima, majirani wamsaidie kuchimba msingi mpya. Na barabara ikishapatikana, pandeni miti ya kivuli pembeni yake. Jua letu mnalijua.

Mnaonunua nyumba za zamani katikati ya mji nina neno nanyi pia. Nyumba hizo hazikai tupu. Zina wapangaji wa miaka mingi, zina fundi viatu barazani, zina mama lishe uani ambaye nusu ya watumishi wa ofisi za jirani wanakula kwake mchana. Ukilipa fedha yako una haki ya nyumba. Nakuomba utumie haki hiyo polepole. Wape notisi ya kutosha, waache waliolipa kodi ya miezi sita waimalize, na ukijenga upya fikiria kurudisha fremu mbele na vyumba viwili vya bei nafuu nyuma. Ghorofa lenye maduka chini na vyumba vya kupanga juu linakurudishia mtaji zaidi kuliko jumba moja lenye ukuta wa mita tatu, na linawabakiza watu walioufanya mtaa huo ukapendeza mpaka wewe ukautamani. Kama ni ukuta wa usalama unaoutaka, jenga mfupi, wenye matundu, mtu apite aseme mwangaluka na wewe umwitikie.

Najua wasomaji wangu wengi watauliza fedha itoke wapi. Mikopo ya nyumba ya benki ipo, lakini riba bado ni kubwa na inataka hati na mshahara, vitu ambavyo muuza mbogamboga hana. Njia yetu kubwa bado ni ile ya kiwanja kwanza, msingi msimu unaofuata, matofali kwa mafungu, chumba kimoja kiezekwe uhamie, vingine vifuate. Haina aibu. Vikundi vya kuweka na kukopa na SACCOS za walimu zimewajengea watu wengi kuliko benki. Msimu wa pamba, au siku malimbikizo ya mshahara yanapotoka, ndugu na jamaa watakuwa na mipango mingi kwa ajili ya fedha yako. Lipia kiwanja kwanza, hata awamu ya kwanza tu, upate risiti mkononi. Watumishi wawili wanaoaminiana wanaweza kununua viwanja vinavyopakana na kushirikiana choo, kisima na ukuta wa kati, kila mmoja akiwa na hati yake. Usinunue kwa jina la mtu mwingine, hata awe kaka yako.

Wiki hii basi, kabla hujampa dalali hata shilingi ya kukuonyesha, pita ofisi ya ardhi ya halmashauri uombe kuona michoro ya mipango miji iliyoidhinishwa na uulize ni mitaa ipi ina viwanja vilivyopimwa ambavyo havijauzwa. Chagua mtaa wenye shule ya msingi unayoweza kuifikia kwa miguu. Kisha subiri siku ya mkutano wa mtaa huo, nenda ukakae nyuma, usikilize wanazungumzia nini na wanazungumzaje, na mwisho wa mkutano mwombe mwenyekiti nafasi, usimame, ujitaje jina, useme unatafuta mahali pa kuishi na familia yako na ungependa kuwa jirani yao.